Katoni ya Bujumbura

"Tonton, funga hiyo katoni."

Hamissi hakugeuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa na tope mpaka kwenye kifundo, wa kushoto umeshika chupa iliyofunguliwa, na ulimi wake ulikuwa bado unashangaa. Dawa aliyoionja ilipaswa kuwa chungu. Ilikuwa tamu kama chai ya arusi.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, msomaji: ndani ya stoo ya vifaa ya klabu ya Hérons, pembeni mwa Ganshoren, Ijumaa alasiri, Agosti 1997. Amepiga magoti mbele ya katoni ambayo Warundi wa Brussels wamejaza dawa za kupeleka nyumbani, kwa sababu nchi jirani zimefunga mipaka na huko hata sindano haipatikani. Aliyemwita tonton, yaani mjomba, ni Kadiri, mtoto wa dada yake, mtupaji namba moja wa timu. Yaani yule anayesimama katikati ya uwanja wa besiboli na kumrushia mpira mwenye gongo.

"Funga, tonton. Vumbi inaingia."

"Chupa zilikuwa tano," Hamissi akasema. "Naona tatu. Nimeonja zote tatu. Ni maji na sukari."

"Labda zimeharibika. Ni hii joto."

"Dawa ikiharibika inageuka sukari, donc?"

Kadiri akataka kucheka, lakini kicheko kikageuka mwayo. Akapiga mwayo wa pili, mrefu, machozi yakamtoka. Pua ilikuwa inamchuruzika. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mrefu kuliko mlango, na vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama kama mtu aliyeingia kwenye friji.

Hamissi aliifunga chupa, akaiweka mezani karibu na zile mbili. Akarudi kwenye kigoda chake, kati ya ndoo ya tope na sanduku la mipira, akachukua mpira wa nane.

Mpira mpya wa besiboli huteleza mkononi, na refa hakubali uingie uwanjani kabla haujasuguliwa tope. Tope la Hamissi lilitoka kwenye kinamasi cha Ganshoren, na alilichuja mwenyewe kwa soksi. Mipira sitini ilitakiwa iwe tayari kesho, kabla ya mechi ya saa nane mchana. Saba ilikuwa imekwisha.

"Kaa," akasema. "Anza mwanzo."

"Mwanzo?" Kadiri akabaki amesimama. "Mwanzo ni wewe, tonton."

Mpira ukasimama mkononi.

"Mwezi wa sita," Kadiri akasema. "Nililala hapa, hapa chini, kiko la mukono, hapa kwenye kiwiko, limevimba, nalia kama mutoto. Nani alifungua katoni? Nani alileta kijiko?"

Hamissi hakuwa mtu wa kujibu upesi. Alikuwa anakitafuta kile kijiko kichwani mwake, na akakiona: kijiko cha chai, cha plastiki nyeupe. Alikijaza hadi ukingoni. Alikuwa ameonja kwanza mwenyewe, kama anavyoonja dawa yoyote kabla ya kumpa mtoto wa mtu.

Hakudhani anafanya kosa. Kwao dawa haina mwenyewe. Ikibaki kwa aliyepona au aliyekufa, inakwenda kwa anayeumwa. Chupa hizi za morfini, dawa kali ya maumivu, zilikuwa tisa, na zilibaki kwa Padri Staf, mzee aliyekaa Bukavu miaka arobaini na aliyekuwa akimgombeza Zaituni, mke wa Hamissi na mtunza wazee, kwa Kiswahili safi kila alipomwogesha. Padri alipofariki mwezi wa tano, dada yake, Els, hakutaka kuzimwaga kwenye sinki. Alimpa Zaituni mfuko mzima. "Wapelekee wanaoumwa," alisema.

"Nilikupa kijiko kimoja," Hamissi akasema polepole. "Hicho ni changu. Sitakikana. Vingine?"

"Vingine nilijipa."

"Kila siku?"

"Mwanzoni siku ya match tu. Baadaye..." Kadiri akafuta pua kwa mkono wa jezi. "Tonton, haiko tena kiko. Kiko lilipona zamani. Nisipokunywa, mifupa yote inalia. Sasa hivi inalia."

"Na sukari?"

"Ile dawa ni nzito kidogo. Maji matupu yanacheza kwenye chupa, muntu anaona. Nikaweka sukari ili yawe mazito."

Aliyasema hayo bila haya, kama fundi anayeeleza kazi yake. Kisha akaona uso wa mjomba wake.

"Zilikuwa zinaenda dispensaire, tonton! Mbali huko! Kwa muntu simujui!"

"Na zile nne alizobeba Sudi kwenda Bujumbura mwezi wa saba?"

Kadiri akainama, akaanza kufunga kamba ya kiatu.

"Kadiri. Zile nne."

"Pia."

"Zote?"

"Zote."

Mpira wa nane ulimponyoka Hamissi, ukabingirika chini ya rafu. Hakuufuata. Kwa maana Kadiri hakujua zile chupa nne zilikwenda kwa nani, lakini Hamissi alijua.

Simu ya ukumbini ikalia.

*

Ilikuwa Zaituni. Alikuwa anapiga kutoka Galerie d'Ixelles, katika saluni ya Aziza. Nyuma ya sauti yake mashine za kukaushia nywele zilikuwa zinanguruma.

"Mbona unachelewa kushika? Umelala?"

"Nina tope mikononi."

"Wewe na tope lako. Écoute, sikiliza. Aziza wamemubadilishia safari. Haiko tena lundi, Jumatatu, ni kesho. Anapita hapo uwanjani à dix heures, saa nne, anachukua katoni, anaenda moja kwa moja aéroport. Umesikia? Uifunge vizuri, na kamba."

"Nimesikia."

"Neno la pili ni Lina."

Hamissi akauegemeza mgongo wake ukutani.

"Leo wanamupeleka kwa jirani mwenye simu," Zaituni akasema. "Anataka kusikia sauti yako. Mimi naingia kazini sasa, nikawapa namba ya klabu. Hamissi, ile dawa ya mwezi wa saba haimufanyii kitu. Kitu hata kidogo. Analia mpaka majirani wanafunga madirisha. Na unajua wanasema nini? Wanasema anajidekeza. Eti bantu wa Ulaya wamemutumia dawa kali, na yeye bado analia."

"Wanasema hivyo?"

"Hata yeye sasa anaona aibu kulia. Bon. Hizi tano ndizo zimebaki. Zikifika na hizi zishindwe, basi, ni Mungu. Na usimwache Kadiri ashike hiyo simu, ana match kubwa kesho."

"Zaituni..."

"Sema haraka, tram yangu inapita."

Maneno yalikuwepo yote, yamepangwa kwa mstari.

"Nitakuambia jioni," akasema.

Alipogeuka, Kadiri alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Lina gani?"

"Rudi ukae."

"Tonton, mimi najua Lina mumoja tu. Ni mama yangu. Nani anafunga madirisha? Sauti ya tantine Zaituni inasikika mpaka Schaerbeek. Nani analia?"

*

Kwao, aliye mbali haambiwi ugonjwa wa nyumbani. Ataambiwa akirudi, au ataambiwa mazishi yakishapita, ili asipoteze kazi kwa jambo asiloweza kulizuia. Hamissi mwenyewe aliambiwa kifo cha baba yake baada ya siku arobaini. Alikasirika, akasamehe, na zamu yake ilipofika akafanya vilevile.

"Mama yako ana kansa," akasema. "Ya mifupa. Tangu mwezi wa kwanza."

"Hapana. Alinitumia kaseti. Mwezi uliopita! Alisema ana mafua."

"Ile kaseti unayo?"

"Ninayo kwenye sac."

"Isikilize tena. Utasikia 'tak', kisha sauti, kisha 'tak'. Walikuwa wanasimamisha redio kila maumivu yakija. Kaseti ya dakika sita ilichukua asubuhi nzima."

Kadiri alikuwa ameisikiliza ile kaseti mara nyingi. Alizijua zile 'tak' zote. Aliwahi hata kuwachekesha wenzake kwenye basi la timu: redio ya mama ni mzee kuliko mama. Mwishoni sauti ilisema, Kadiri wangu, tupa vizuri, mimi nasubiri picha kwenye gazeti.

Akakaa chini.

"Nilikunywa dawa ya mama," akasema.

"Hukujua."

"Nilikunywa dawa ya mama, nikamutumia sukari!"

"Hukujua kwa sababu sisi tulikuficha. Na ulianza kwa sababu mimi nilikupa. Lakini kijiko cha pili, Kadiri, na cha mia, hivyo haviko vyangu."

Kijana akaweka uso kwenye magoti. Mwili wote ulikuwa unatetemeka sasa, na Hamissi hakuweza kujua kiasi gani kilikuwa kilio na kiasi gani ni ile dawa inayodai mwili. Alimpa dakika moja, kisha akauliza jambo lililobaki.

"Mbili hazimo kwenye katoni. Zile ulikunywa?"

Kadiri akatikisa kichwa bila kukiinua.

"Ziko wapi?"

"Kwa coach."

*

Msomaji, Hamissi hakuhitaji kumtafuta. Frederik, kocha wa Hérons, aliingia wakati huohuo, mkono mmoja kiunoni kama kawaida yake tangu mgongo ulipomtoa mchezoni miaka minane iliyopita. Mkono wa pili ulikuwa na leso.

"Mipira mingapi, Monsieur Hamissi?"

"Saba."

"Saba? Kesho wanakuja wale wa Italia kumtazama huyu. Klabu tajiri kabisa! Wewe umefanya saba?" Kisha akamwona Kadiri sakafuni, katoni iliyo wazi, chupa tatu juu ya meza. Sauti yake ikashuka. "Ah."

Akafunga mlango.

"Wewe unajua," Hamissi akasema.

"Tangu wiki tatu. Nilimkuta na chupa mbili kwenye begi. Nilipaswa kufanya nini? Kumpeleka polisi? Nilimnyang'anya. Nampa kijiko kimoja asubuhi, siku ya mechi viwili. Kila wiki napunguza. Mechi ya kesho ikiisha, Jumatatu nampeleka kwa daktari. Nimeshapanga."

Ilikuwa hoja yenye mantiki. Hamissi aliipima, na aliona kwamba huenda yeye mwenyewe angefanya hivyohivyo.

"Nipe hizo chupa mbili," akasema.

"Jumatatu."

"Zinaondoka kesho saa nne. Kuna mtu anazisubiri Bujumbura. Ni mama yake huyu."

Frederik akamtazama Kadiri, kisha akatazama pembeni.

"Bila kijiko cha kesho hatasimama, sembuse kutupa," akasema. "Unamtazama? Ndiyo nafasi yake moja. Na tuseme wazi, Monsieur Hamissi. Daktari akiuliza, katoni ilikuwa katika stoo ya nani? Nani aliitoa dawa nyumbani kwa mgonjwa? Jina la kwanza kwenye karatasi litakuwa la mkeo. La pili lako. Mkeo hatamwogesha mzee mwingine katika nchi hii."

Hicho ndicho Hamissi alichokuwa akikiogopa tangu alipoonja sukari. Kukisikia kwa sauti ya mtu mwingine kulikipunguza kidogo.

"Sawa," akasema. "Andika langu la kwanza. Mimi ndiye niliyejaza kijiko. Baada yangu andika Kadiri. Baada ya Kadiri andika lako. Halafu lete chupa."

"Huelewi unachosema."

"Coach." Lilikuwa neno la Kadiri, kutoka sakafuni. Alikuwa ameingiza mikono yote miwili chini ya mapaja na kuikalia. "Mupe. Mupe haraka, kabla sijabadilika."

"Kadiri, wale wa Italia..."

"Mupe, coach! Mimi nikisimama nitazichukua mwenyewe, na sitazitia kwenye katoni. Unanijua. Mupe sasa, ningali mutoto wa mama."

Frederik alijifuta pua. Akatoa funguo mfukoni, akatafuta mmoja, akaukosa, akautafuta tena. Kabati lake lilikuwa palepale ukumbini, hatua nne. Akarudi na chupa mbili, akaziweka mezani taratibu, moja tupu, moja imejaa mpaka shingoni.

Kadiri akafumba macho.

Moja! Moja ilikuwa bora kuliko hakuna. Hamissi aliishika kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaanza kupanga: Aziza ataibeba kwenye mkoba wa mkononi, ataambiwa isichanganywe na zile nyingine, Lina atapata kijiko jioni ya Jumapili. Kwa wiki kadhaa atalala, na majirani watafungua madirisha.

Lakini mtu aliyedanganywa na chupa tatu hawezi kuiamini ya nne bila kuionja. Akafungua. Akachovya ncha ya kidole kidogo, kile kisichokuwa na tope, akakigusisha ulimini.

Akasubiri uchungu.

Akachovya tena.

Kisha akaigeuza chupa upande, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kiputo cha hewa kilikimbia juu bila kuchelewa, kama kwenye glasi ya maji.

"Kadiri," akasema kwa upole. "Hii uliigusa?"

"Juré, naapa, tonton, hapana. Coach aliichukua imejaa, yenyewe kabisa. Ni sukari?"

"Sukari haimo. Ni maji matupu."

Kadiri akafumbua macho.

Hamissi alikuwa mtu wa kupanga vitu kwa zamu, hata pale alipotamani kutojua. Aliyeharibu zile tatu alitia sukari, kila mara, kwa uangalifu. Aliyeharibu hii hakutia. Ni mkono mwingine. Na ufunguo wa kabati ulikuwa mmoja.

Akageuza macho kwa Frederik. Kwa mara ya kwanza alimtazama vizuri. Leso mkononi, katikati ya Agosti. Kola imelowa jasho. Na juu ya mikono ya mzungu huyo mnene, kwenye stoo yenye joto la kupika mkate, vinyweleo vilikuwa vimesimama vyote.

Frederik akafungua mdomo kusema. Kilichotoka ni mwayo.

"Mgongo," akasema baadaye, kwa sauti ndogo sana. "Ilikuwa ni kwa ajili ya mgongo tu."

Kadiri alianza kucheka, kicheko kibaya, kichwa kikigonga rafu. "Coach! Kijiko kwa kijiko! Ulikuwa unanipunguzia, eh? Voilà, nimepungukiwa!"

"Nyamaza," Hamissi akasema.

Chupa nne za maji zilikuwa juu ya meza, na ya tano tupu. Hamissi alizitazama, akautazama mpira wa nane chini ya rafu, akaitazama ile mipira hamsini na miwili ambayo haijaguswa kabisa, myeupe kama mayai. Tope lilikuwa limeanza kukauka kwenye ukingo wa ndoo. Akachukua kitambaa, akakilowesha kwenye bomba, akakikamua, akaifunika ndoo ili tope lingoje kesho. Leo mikono yake isingeweza tena.

"Kesho saa nne Aziza atakuwa kwenye ule mlango," akasema. "Atanyoosha mikono apewe katoni. Nataka kujua ni nani kati yetu watatu atakayemkabidhi, na atamwambia nini."

Frederik alitazama sakafu.

Simu ikalia.

Haukuwa mlio wa kawaida. Kulikuwa na kimya kirefu kati ya mlio na mlio, na Hamissi alikumbuka maneno ya Zaituni yote kwa pamoja. Akageuka kukimbilia ukumbini, lakini ndoo ilikuwa mguuni pake, na kijana aliyekuwa hawezi kusimama alikuwa ameshasimama.

"Kadiri! Acha! Hiyo ni yangu!"

Hatua nne. Kadiri alizipiga kwa mbili. Mkono uleule ambao Waitaliano walikuwa wanakuja kuutazama uliinua simu, ukitetemeka mpaka waya ukagonga ukuta.

"Allô?"

Hamissi alisimama mlangoni, kitambaa kibichi mkononi, maji ya tope yakimdondokea kiatuni. Kutoka kwenye simu, kutoka mbali, alisikia pumzi ya mtu anayejikaza asilie.

"Hamissi? Kaka?" ile sauti ikasema. "Kadiri hayuko hapo karibu?"

Kadiri akafunga macho.

"Mama," akasema. "Ni mimi. Lia tu, mama. Ile dawa najua ilikuwa na nini."